Programu ya mfanyabiashara ivuke mpaka kama anavyovuka yeye

Ijumaa tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilitangaza kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Usiku huo huo lori la mwanachama mwenzetu, mama mmoja mwenye duka la nafaka Nateete, liliondoka Kampala kwenda Busia likiwa limejaa mahindi. Kabla ya kumruhusu dereva awashe gari, mama huyo alifanya kile ambacho chama chetu kilikuwa kimemfundisha. Alifungua programu ya chama kwenye simu yake, akaangalia hali ya mpaka. Mahindi yalikuwa na rangi ya kijani. Ruksa.

Lori likakwama Busia. Kila siku ya kusubiri inalipiwa, dereva anakula, utingo anakula, na turubai linafunguliwa na kufungwa kila mawingu yanapokusanyika. Masharti mapya yalipotoka siku chache baadaye, Kenya ilitaka waagizaji wasajiliwe na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mama hakuwa na cheti hicho. Aliuza mahindi yake upande wetu wa Busia kwa bei ya kutupa, akarudi Nateete na deni la lori.

Mimi nilikuwa katibu wa chama. Habari ya zuio niliisikia redioni jioni ile ile, wala sikujua kwamba lori la mama lilikuwa linapakia. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, ujumbe ukazama chini ya salamu za usiku mwema na video za harusi. Nilitaka kubadilisha ile rangi ya kijani iwe nyekundu. Sikuweza. Rangi ilikuwa imeshonewa ndani ya programu yenyewe, na aliyeishona alikuwa ameshapata kazi nje ya nchi. Kuibadilisha kulihitaji toleo jipya la programu, toleo lipandishwe kwenye duka la Google, kisha kila mwanachama alipakue upya kwa bando lake.

Naandika haya kwa sababu programu ile niliipigia debe mwenyewe, na kwa sababu kila mwezi nasikia chama kingine cha wafanyabiashara, kutoka Mutukula hadi Malaba, kikichangishana fedha kutengenezewa ya kwake. Ninachosema ni hiki: mfanyabiashara wa mpakani asikubali kuuziwa programu iliyotengenezwa kwa aina moja ya simu. Aombe itengenezwe kwa teknolojia ya tovuti, ile ile inayotengeneza kurasa za intaneti, ili ifunguke kwenye simu yoyote, upande wowote wa mpaka, na ibadilike siku ile ile mambo yanapobadilika.

Lubaga, kwa asiyeijua, siyo kanisa kuu juu ya kilima na Bulange kule Mengo tu. Ndeeba iko Lubaga, na mbao zake na vipuri vyake. Nateete iko Lubaga, Busega vilevile, mahali ambapo barabara ya Masaka inaanza safari ya kwenda Mutukula na Katuna. Ukisimama Busega asubuhi utaona nusu ya biashara ya Afrika Mashariki ikikupita: mchele wa Tanzania unaingia, ndizi za Masaka zinaingia, saruji na magodoro yanatoka. Watu wanaoendesha biashara hiyo hawana simu za aina moja. Katika chama chetu wengi walikuwa na Tecno na Itel, baadhi wakiwa na zile za bei ya chini kabisa zenye nafasi ndogo ya kuhifadhi vitu. Wachache walikuwa na Samsung za mtumba. Wawili walikuwa na iPhone walizotumiwa na watoto wao walioko Dubai na Boston. Na wazee kadhaa walikuwa na zile simu za vitufe ambazo sisi Kampala tunaziita katochi, Watanzania kitochi, na Wakenya kabambe.

Programu yetu ilitengenezwa kwa Android peke yake. Wenye iPhone waliambiwa wasubiri awamu ya pili, yaani mchango wa pili. Wenye Itel zilizojaa picha waliambiwa wafute picha. Mzee mmoja wa mbao aliuliza afute picha za mazishi ya kaka yake au za kuhitimu kwa bintiye, na hakuna aliyemjibu. Basi hata kabla ya mahindi, programu ya chama ilikuwa ya baadhi ya wanachama, ingawa wote walikuwa wameilipia.

Kwa nini mtengenezaji alitaka mchango wa pili? Hapa hakutudanganya. Programu ya Android huandikwa kwa lugha kama Java au Kotlin, na ya iPhone huandikwa kwa Swift. Ni kazi mbili, mara nyingi mafundi wawili, na kila kosa linarekebishwa mara mbili. Sisi watu wa mpakani tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Kabla ya vituo vya huduma za pamoja, ulikuwa unapanga foleni upande mmoja kugongewa muhuri wa kutoka, unavuka, unapanga foleni upande wa pili kugongewa wa kuingia, karatasi zile zile, maswali yale yale. Mutukula ilifunguliwa rasmi kama kituo cha pamoja Novemba 2017 na Busia Februari 2018, na leo unasimamishwa mara moja tu, katika nchi unayoingia. Kuandika programu mara mbili ni kurudi kwenye foleni mbili.

Teknolojia ya tovuti ndiyo kituo cha pamoja cha simu. Kila simujanja, iwe ya bei gani, inakuja na kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Safari. Vivinjari vyote vinaelewa mambo matatu yale yale: HTML inayopanga maneno na visanduku, CSS inayoweka rangi na mpangilio, na JavaScript inayofanya hesabu na kujibu unapobonyeza. Fundi anaandika mara moja, na kila simu inasoma. Ukitaka, kurasa hizo hizo zinaweza kufungashwa kwa zana kama Cordova au Capacitor zikawekwa kwenye duka la Google na la Apple kama programu ya kawaida. Usipotaka, unamtumia mtu kiungo tu kwa WhatsApp, anakibonyeza, na akitaka anaweza kukiweka kwenye skrini yake ya mwanzo.

Baada ya hasara ile ya mahindi, kijana mmoja wa Lungujja, mtoto wa mwenzetu wa vipuri, alikuja kwenye kikao akiwa na kompyuta iliyopasuka kioo. Hakuwa na kampuni wala kadi ya biashara. Alikuwa anatengeneza tovuti za shule na za wapiga picha za harusi. Alimwendea yule yule mama wa mahindi.

“Nnyabo, nimekutumia kiungo. Kibonyeze.”

“Mwanangu, bando langu limebaki dogo.”

“Ni kidogo kuliko picha moja uliyotumiwa asubuhi na kundi la kanisa.”

Alibonyeza, ikafunguka. Kisha kijana akamwambia azime data kabisa, aifungue tena. Ikafunguka tena, na bei za juzi bado zipo, isipokuwa sasa kulikuwa na mstari juu ulioandikwa: taarifa hizi ni za leo saa tatu asubuhi, huna mtandao. Huu mstari mdogo ndio ulionifanya nimuunge mkono. Programu ya zamani nayo ilifunguka bila mtandao, ndiyo maana mama aliiamini usiku ule, lakini haikumwambia kwamba ilikuwa inazungumza habari za wiki zilizopita. Rangi ya kijani isiyo na tarehe ni hatari kuliko kutokuwa na rangi kabisa. Kijana aliweka kwamba taarifa ya mpaka ikipita saa 24 bila kupata mpya, rangi zote zinageuka kijivu, na anayeiona anajua inabidi apige simu.

Namna inavyofanya kazi bila mtandao siyo uchawi. Mara ya kwanza unapofungua ukurasa, sehemu ndogo ya JavaScript inabaki kwenye simu kama mlinzi wa ghala. Ukirudi, mlinzi anakupa kwanza kilichomo ghalani, halafu kama kuna mtandao anaenda kuleta kipya. Wataalamu huita programu za namna hii PWA, jina lililoanza kutumika mwaka 2015. Kwa dereva anayepita mahali ambapo mtandao wa nchi moja umepotea na wa nchi nyingine haujashika, jambo hili ni kubwa kuliko urembo wowote.

Kubwa zaidi ni kwamba masharti, bei na rangi hazimo tena ndani ya programu. Ziko kwenye jedwali ambalo katibu analibadilisha mwenyewe kwa simu yake. Jioni kama ile ya Machi 5 ningebadilisha neno moja, na kila ambaye angefungua baada ya hapo angeona nyekundu. Najua programu ya Android nayo inaweza kutengenezwa hivyo, na fundi mzuri angefanya hivyo. Lakini kwenye tovuti hii ndiyo tabia yake ya asili, na kwa sisi tusiojua kumkagua fundi, ni heri kuchukua njia ambayo uzembe wake una madhara madogo.

Kuhusu bando, serikali yetu imeshatufundisha kuhesabu. Julai 2018 ilikuja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Julai 2021 ikaondolewa, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Maana yake kila MB unayopakua ina mkono wa serikali ndani yake. Programu ya kawaida ya duka ina uzito wa makumi ya MB, na kila toleo jipya linataka tena sehemu yake. Mwaka 2017 Twitter walipotoa toleo lao jepesi la tovuti, lilikuwa chini ya MB 1, wakati programu yao ya Android ilizidi MB 20. Konga, wauzaji wa mtandaoni wa Nigeria, walipohamia njia hiyo hiyo walieleza kwamba data ya kufungua mara ya kwanza ilipungua kwa asilimia 92 ukilinganisha na kupakua programu yao. Hao ni matajiri wenye mafundi wengi, na bado waliona haina haja ya kumbebesha mteja mzigo.

Halafu kuna lile la Januari 2021 ambalo Waganda hatutalisahau upesi. Kuelekea uchaguzi, tarehe 12 mitandao ya kijamii ilizuiwa, na siku hizo maduka ya programu, la Google na la Apple, nayo yalizuiwa. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa hadi tarehe 18. Intaneti ikizimwa yote, hakuna teknolojia inayokuokoa. Lakini siku ambazo tovuti zilikuwa wazi na maduka yamefungwa, anayetegemea duka hakuweza kupata toleo jipya, na anayetegemea kiungo aliendelea. Wengi wetu wakati huo tulitumia VPN, zikatula bando, tukazima masasisho yote ya simu ili kubana matumizi. Wengi hatukuyawasha tena. Ndivyo tulivyofika Machi tukiwa na programu za zamani mifukoni.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nauza dawa ya kila ugonjwa. Njia hii ina mitego yake, na yote nimeiona kwa macho.

Mtego wa kwanza ni daftari la madeni. Kijana alitengeneza sehemu ya mwanachama kuandika nani anamdai na nani anadaiwa, na mwanzoni maandishi yalibaki kwenye kivinjari cha simu peke yake. Mwenzetu mmoja mwenye iPhone alisafiri kwenda Mwanza, hakuifungua kwa wiki moja na zaidi, aliporudi daftari lilikuwa jeupe. Tukafikiri ni wizi. Kumbe tangu Machi 2020 kivinjari cha Safari kina kanuni ya kufuta vitu ambavyo tovuti imehifadhi kwenye simu ikiwa hujaitembelea kwa siku saba za matumizi ya kivinjari. Kanuni hiyo iliwekwa kuwazuia wafuatiliaji wa matangazo, na tovuti uliyoiweka kwenye skrini ya mwanzo husamehewa. Yeye hakuwa ameiweka. Alikuwa anaifungua kupitia kiungo kila mara. Sasa daftari linanakiliwa kwenye seva kila mtandao unapopatikana, na hakuna anayeruhusiwa kuandika deni kabla ya kuweka alama ya programu kwenye skrini. Fundi atakayekuambia “itakaa kwenye simu tu, usijali,” mwulize kuhusu siku saba.

Mtego wa pili ni uzito wa aina nyingine. Ukurasa unaweza kuwa mwepesi kupakua na bado ukawa mzito kuendesha, kwa sababu JavaScript nyingi inachosha simu yenye kumbukumbu ndogo. Nimeona programu ya tovuti iliyotengenezwa kwa mbwembwe, picha zinateleza, herufi zinacheza, na Itel ya elfu mia mbili inaganda kama imekata roho. Tena wengi wetu tunatumia Opera Mini kuokoa data, na hali yake ya kubana sana haiendeshi vizuri kurasa za namna hiyo. Jaribio ni rahisi: chukua simu mbovu kuliko zote katika chama, mpe fundi aoneshe kazi yake kwenye hiyo, siyo kwenye simu yake.

Kuna mambo pia ambayo kivinjari hakifanyi vizuri, hasa kuunganisha mashine ndogo za risiti na mizani kwa Bluetooth, na kwenye iPhone ugumu ni zaidi. Hapo ndipo kufungasha kunahitajika, au zana kama React Native na Flutter ambazo nazo huandikwa mara moja kwa simu zote mbili ingawa siyo tovuti kamili. Chama cha wanunuzi wa kahawa wanaopima kila gunia kinaweza kuzihitaji. Sisi wa bei, masharti na madeni hatukuzihitaji.

Na kuna mtego wa zana kufa. Mwaka 2008 ilizaliwa PhoneGap, iliyokuwa ya kwanza kusikika sana kwa kufungasha kurasa za tovuti kuwa programu za simu. Mwaka 2011 Adobe waliinunua kampuni iliyoitengeneza, na msimbo wake ukapewa shirika la Apache, ukaitwa Cordova. Mwaka 2020 Adobe wakafunga huduma ya PhoneGap. Waliokuwa wakiitegemea huduma ile kufungasha kazi zao ilibidi wahame. Lakini angalia walichohama nacho: kurasa zao zile zile. Mfuko ulichanika, nafaka haikumwagika. Anayeandika kwa lugha ya tovuti ana mali inayohamishika, na sisi ambao fundi wetu alisafiri na kutuacha tunajua thamani ya kitu kinachohamishika.

Hilo linanileta kwenye swali ambalo hatukuliuliza mwaka 2020 na lilitugharimu kuliko lolote: programu ni ya nani? Akaunti ya mtengenezaji kwenye duka la Google inalipiwa dola 25 mara moja, na ya Apple dola 99 kila mwaka. Ili kuokoa dola 25, tulikubali programu yetu iwekwe kwenye akaunti binafsi ya fundi. Dola 25! Chama kilichokuwa kinakusanya mchango wa mamilioni ya shilingi. Alipoondoka aliondoka na ufunguo, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kuweka toleo jipya. Sasa jina la tovuti limeandikishwa kwa jina la chama, seva inalipiwa na mweka hazina, na msimbo wote uko kwenye hifadhi ambayo watu watatu wana funguo zake. Kijana wa Lungujja akipata kazi Nairobi kesho, tutamwombea heri na kutafuta kijana mwingine, na Kampala vijana wanaojua HTML na JavaScript ni wengi kuliko wanaojua Swift.

Mwenye funguo ana wajibu pia. Daftari la madeni ni taarifa binafsi za watu, na Uganda na Kenya zote zina sheria za kulinda taarifa hizo tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Chama kinachovusha mizigo mipaka miwili kinavusha na majina ya watu.

Nimezungumza na vyama, sasa naomba wakubwa wasikilize kidogo. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalipanga foleni Malaba kwa makumi ya kilomita wakati madereva wakisubiri vipimo. Jumuiya ikaleta mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva ili cheti kilichotolewa nchi moja kitambuliwe nchi nyingine. Wazo lilikuwa jema sana, na dereva alitakiwa kuwa na programu kwenye simujanja yake. Wangapi walikuwa nayo? Mtu anayelala chini ya lori mara nyingi hubeba katochi, kwa sababu betri yake inakaa siku nne na hakuna anayetaka kuiiba. Siwalaumu waliotengeneza, wakati ule kila mtu alikuwa anakimbia. Nalaumu kwamba baada ya hapo bado tunaalikwa hotelini kuzinduliwa programu mpya ya wafanyabiashara wadogo ambayo ni ya Android, ya Kiingereza, na ambayo mwaka mmoja baada ya mradi kwisha haifunguki.

Sekretarieti ya Jumuiya Arusha, mamlaka za mapato na wafadhili wanapotangaza zabuni, waandike masharti ambayo mama wa Nateete angeyaandika. Ifunguke kwenye kivinjari cha simu yoyote bila kulazimisha duka. Mara ya kwanza isizidi MB 1. Ifanye kazi bila mtandao na ioneshe tarehe ya kila taarifa. Na iwe ya Kiswahili tangu siku ya kwanza, siyo tafsiri ya kubandika mwishoni. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Mkongomani wa Kasindi, Mtanzania wa Kyaka na Mganda wa Ndeeba wanapatana bei kwa Kiswahili kila siku. Inashangaza kwamba simu zao ndizo zinazolazimishwa kuzungumza Kiingereza. Kwenye tovuti kuongeza lugha ni kuongeza jedwali moja la maneno. Kijana wetu aliweka Kiswahili na Luganda kwa siku mbili, na siku ya pili nzima ilikwisha tukibishana kuhusu neno la “mizigo iliyozuiliwa.”

Mamlaka ya Mapato ya Uganda ilipoleta risiti za EFRIS, pamoja na ugomvi wote uliofuata hadi maduka ya Kampala kufungwa Aprili 2024, angalau ilitoa njia zaidi ya moja ya kuzitoa, tovuti ikiwemo na USSD ikiwemo. Kwa hilo la njia nyingi walikuwa sahihi, hata kama kwa mengine tutaendelea kubishana.

Na USSD ndiyo sehemu ambayo bado hatujaipatia jibu. Shirika la Sauti East Africa limewapa wafanyabiashara wa mpakani bei na masharti kwa USSD katika nchi zaidi ya moja, na wenye simu za vitufe wanaitumia. Lakini kwa chama kidogo, menyu ya USSD ni mkataba na kampuni ya simu, kibali cha mamlaka ya mawasiliano, na malipo ya kila mwezi, na ukimaliza Uganda unaanza upya Kenya, kisha Tanzania. Kiungo cha tovuti hakimwombi mtu kibali mpakani.

Kwenye kikao cha mwezi uliopita, mzee wa mbao, yule wa picha za mazishi, alisimama na katochi yake mkononi akasema kwamba anafurahi kuona vijana wanabonyeza viungo, lakini mchango wake ni shilingi zile zile kama za wenye iPhone. Tulikubaliana kwamba kila taarifa ya mpaka ikibadilika kwenye jedwali, mfumo utume pia ujumbe mfupi wa maneno kwa walioandikishwa, kwa gharama ya chama. Kijana amesema ataunganisha kabla ya msimu wa mahindi. Mama wa Nateete ndiye aliyependekeza maneno ya ujumbe wa kwanza wa majaribio: “Usiondoke. Piga simu kwanza.”